Kanisa la Baptisti Kisumu: Nani Hasa Huwa Amelianzisha?

Kanisa la Baptisti likifikisha miaka ishirini au thelathini na kuanza kupanga sherehe, kamati hukwama kwenye jambo ambalo lilionekana dogo: tarehe ya kuandika kwenye bango. Mama mmoja atasema lilianzia sebuleni kwake Migosi, kabla hata mchungaji hajajulikana. Shemasi wa zamani ataleta daftari lenye majina na sahihi za washirika wa kwanza. Katibu ana cheti cha Msajili wa Vyama, chenye tarehe ya miaka kadhaa baadaye. Mwekahazina naye anashikilia hati ya ploti, ambayo ndiyo changa kuliko zote. Wote wanne wana ushahidi, na hakuna anayesema uongo.

Ukienda kwa Mkatoliki wa Kibuye au Mwanglikana wa Maseno, utata huu haupo. Askofu huamua kwamba eneo fulani sasa ni parokia, huandika barua, humtuma padri au kasisi, na siku hiyo inaingia kwenye kumbukumbu. Wabaptisti hawana askofu wa kuandika barua hiyo. Kwao kila kanisa la mahali ni kanisa kamili. Lenyewe humwita mchungaji na lenyewe humwachisha kazi, hupokea washirika, huwatenga wanaokosa, hupanga bajeti yake na hushika fedha zake. Juu yake hakuna ofisi yenye mamlaka ya kulifungua wala kulifunga, isipokuwa serikali kwa upande wa sheria.

Kuna Baptist Convention of Kenya, ni kweli, na makanisa mengi yako ndani yake. Lakini huo ni umoja wa makanisa yaliyokubaliana kushirikiana katika mafunzo ya wachungaji, uinjilisti na mambo kama hayo. Kanisa hujiunga kwa hiari na likitaka hujitoa. Ndiyo maana swali ambalo majirani hupenda kuuliza, “makao makuu yenu yako wapi?”, humfanya mshirika wa kawaida ababaike. Jibu sahihi ni kwamba makao makuu ni palepale anapokaa Jumapili, kwenye viti vya plastiki.

Kutokana na hilo, jina Baptisti halina mwenyewe. Vibao viwili vinaweza kusimama barabara moja, vyote vimeandikwa Baptisti, na makanisa hayo mawili yasijuane kabisa. Moja laweza kuwa zao la Wabaptisti wa Kusini wa Marekani na liko ndani ya Convention. Jingine limeanzishwa na mmisionari wa Wabaptisti huru, ambao hukataa muungano wowote unaozidi kanisa la mahali. Na huenda kukawa na la tatu, lililoanzishwa na mwalimu wa hapahapa aliyehama kanisa lake, akasoma mafundisho ya Kibaptisti, akakubaliana nayo na kukusanya watu. Mtu akisikia “kanisa la Baptisti limegombana” hana budi kuuliza ni lipi.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu hali ya Kisumu na magharibi ina historia yake.

Wabaptisti wa kwanza walikuwa Waingereza waliokimbilia Amsterdam, ambako mwaka 1609 John Smyth na wenzake walianzisha kanisa la watu waliobatizwa kwa kukiri imani yao wenyewe, si kwa kubebwa wakiwa wachanga. Thomas Helwys alirudi London na baadhi yao miaka michache baadaye, akamwambia mfalme waziwazi kwamba hana mamlaka juu ya dhamiri za watu, na akafia gerezani. Msimamo huo wa kutotaka mkubwa wa nje juu ya kanisa ulianzia hapo, na ndio unaoeleza ubishi mwingi wa mikutano ya kanisa mpaka leo.

Walioleta jina hilo Kenya kwa nguvu zaidi walikuwa Wabaptisti wa Kusini wa Marekani. Umoja wao ulianzishwa Augusta, Georgia, mwaka 1845, na sababu kubwa ya kujitenga na wenzao wa kaskazini ilikuwa utumwa: walitaka mwenye watumwa aruhusiwe kuwa mmisionari. Umoja huo uliomba radhi rasmi mwaka 1995. Hili halisimuliwi sana kwenye sherehe za makanisa yetu, na nadhani lingesimuliwa. Wamisionari wao walikuwa Nigeria tangu 1850, na ni kutoka Nigeria ambako baadhi yao walikuja Afrika Mashariki mwaka 1956 kufungua kazi Kenya na Tanganyika.

Angalia mwaka huo, 1956. Reli ilikuwa imefika Kisumu tangu Desemba 1901. Marafiki, wale wanaoitwa Quaker, walikuwa Kaimosi tangu 1902. Wamisionari wa Kikatoliki wa Mill Hill walikuwa Mumias tangu 1904. Mwaka 1906 Waanglikana walianza shule Maseno na Waadventista wakapiga kambi Gendia. Church of God walikuwa Kima, Wapentekoste wa Kanada Nyang'ori. Wamisionari wengi wa Kiprotestanti walikuwa wamekubaliana kugawana maeneo ili wasigongane, na mgawo huo uliingia mpaka kwenye koo. Mtu wa Maragoli akiulizwa dini yake unaweza kukisia jibu kwa kujua tu amezaliwa upande gani wa mlima. Juu ya hayo, wenyeji walikuwa wameshaanzisha makanisa yao: Nomiya ya Johana Owalo, makanisa ya Roho, African Israel Church Nineveh ya Zakayo Kivuli iliyoanza 1942.

Kwa hiyo Wabaptisti walikuta kila kilima kina mwenyewe. Mahali palipobaki wazi palikuwa mjini, ambako watu walikuwa wametoka kwao na bado hawajashikamana na kanisa: mitaa ya wafanyakazi wa reli na bandari, vyuo, masoko, vitongoji vilivyokuwa vikivimba baada ya uhuru. Hilo linaeleza kwa nini kanisa la Baptisti la mji wa Kisumu lina Waluo, Waluhya, Wakisii na Wakamba wachache katika mkutano mmoja, hali kule mashambani laweza kuwa la ukoo mmoja mtupu. Nakuru mchanganyiko ni mkubwa zaidi, maana mji wenyewe ulikusanya watu wa kila upande kuanzia enzi za mashamba ya walowezi.

Mchanganyiko huo huleta swali la kwanza la kanisa changa, ambalo si la mafundisho hata kidogo. Tuhubiri kwa lugha gani? Kisumu wazee watataka Dholuo, kwa sababu Biblia yao ni ya Dholuo na nyimbo zinawakaa mdomoni. Vijana na Waluhya watataka Kiswahili. Mara nyingi huamuliwa kwamba mahubiri yawe Kiswahili na mkalimani asimame kando, na hapo ibada ya saa moja na nusu inakuwa ya saa tatu.

Jinsi makanisa haya yanavyoanza, njia ni chache. Kuna kanisa mama linalotuma familia kadhaa waanze mkutano mtaa mwingine. Kuna ushirika wa nyumbani unaozidi sebule. Kuna mkutano wa nje, siku tano jioni kwenye uwanja wa shule, jenereta na spika, na mwisho wa wiki watu arobaini wameinua mikono. Njia hii ya tatu hupendwa na wafadhili kwa sababu inahesabika, lakini ndiyo inayopukutisha watu upesi: baada ya miezi miwili waliobaki ni wale waliokuwa na jirani wa kuwapitia Jumapili asubuhi. Ushirika wa nyumbani huenda polepole na hudumu.

Hatua inayofuata huwa darasa la shule ya msingi. Mwalimu mkuu anakubali, kanisa linatoa chochote kwa matengenezo na kitu kidogo kwa mlinzi, na kila Jumapili vijana wanahamisha madawati, wanafuta ubao na kuyarudisha madawati kabla ya saa tisa. Shule ikiwa na mtihani wa kitaifa, kanisa linakaa chini ya mwembe. Majirani wakilalamikia spika, kuna kanuni za kelele za mwaka 2009 ambazo afisa wa mazingira anaweza kuzitumia, na kanisa lisilo na kuta ndilo linalosikika mbali.

Mpaka hapo, kwa fikira ya Kibaptisti, bado hakuna kanisa. Kuna kituo cha kuhubiri, au tawi la kanisa mama, au kundi la maombi. Kanisa huanza siku watu wanapofanya agano. Hii ndiyo tarehe ya yule shemasi mwenye daftari, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kuandikwa kwenye bango.

Siku hiyo huwa hivi. Wachungaji wa makanisa jirani hualikwa, mara nyingi pamoja na kanisa mama. Wale wanaotaka kuwa washirika waanzilishi huitwa kwa majina. Aliyetoka kanisa jingine la Baptisti huleta barua ya kumhamisha. Aliyeokoka juzi lazima awe amebatizwa. Ungamo la imani linasomwa, kisha agano: tutakutana pamoja, tutasaidiana, tutatoa, hatutasengenyana, tutaonyana. Wote husimama kukubali na kutia sahihi. Wachungaji wageni hawawapi mamlaka yoyote. Wao ni mashahidi, na huomba na kuwapa mkono wa ushirika. Papo hapo washirika hao hupiga kura yao ya kwanza: jina la kanisa, mashemasi, katibu, mwekahazina, na kama mtu amepatikana, mchungaji.

Idadi ya wanaotia sahihi huwashangaza wengi. Waliohudhuria waweza kuwa mia na hamsini, na sahihi zisifike thelathini. Wengine wote ni wageni, watoto, au watu ambao bado hawajaingia majini. Na hapa ndipo penye fundo kubwa zaidi la miaka ya mwanzo.

Kwa Wabaptisti mtu huwa mshirika baada ya kuamini mwenyewe na kubatizwa kwa kuzamishwa, ule unaoitwa ubatizo wa maji mengi. Magharibi mwa Kenya sharti hilo linagusa karibu kila nyumba, kwa sababu karibu kila mtu alishafanyiwa jambo fulani mahali fulani. Aliyekulia kwa Waanglikana au Wakatoliki alinyunyiziwa maji akiwa mtoto, ana cheti, na jina la ubatizo ndilo liko kwenye kitambulisho. Akiambiwa abatizwe, mama yake kule Siaya anasikia kwamba ule wa kwanza ulikuwa bure, na yeye ndiye aliyembeba mpaka kanisani. Mchungaji atajieleza kwamba hawabatizi mara ya pili, kwa kuwa kwao ule wa utotoni haukuwa ubatizo. Maelezo hayo ni sawa kimafundisho, ila kwa mama huyo yanazidisha kidonda.

Aliyetoka kwa Marafiki wa Vihiga au Kakamega ana shida tofauti kabisa. Marafiki hawabatizi kwa maji hata kidogo, wala Jeshi la Wokovu. Mtu anaweza kuwa amemtumikia Mungu miaka arobaini, amekuwa mzee wa kanisa, ameongoza mazishi mangapi, halafu kijana wa miaka ishirini na nane aliyetoka chuo cha Biblia anamwambia hawezi kupiga kura kwenye kikao mpaka aingie majini. “Mchungaji mwanangu, kwani hizi mvi nimezipakaa chokaa?” Mzee wa namna hii asipoelezwa kwa adabu, na peke yake, hukaa nyuma miaka yote akiitwa mgeni, au hurudi Kaimosi.

Mume mwenye wake wawili ni fundo jingine. Hakuna barua ya askofu ya kuamua, kwa hiyo kila kanisa huamua lenyewe, na makanisa mawili ya Baptisti umbali wa kilomita tatu huweza kuamua kinyume. Wengi humbatiza kama aliwaoa kabla ya kuamini, lakini hawamfanyi shemasi wala mchungaji kwa sababu ya yale maneno ya Timotheo, “mume wa mke mmoja”. Wake zake hupokewa wote. Wengine humwambia angoje, na hawasemi angoje nini.

Halafu kuna ubatizo wenyewe. Kisumu watu hudhani ziwa limerahisisha mambo. Ziwa lina kichocho, lina viboko wanaotoka kwa wakati wao, na kuna majuma ambapo magugu maji yamefunika ufuo kiasi kwamba huoni maji. Wanaokwenda ziwani huenda asubuhi mapema na kuuliza wavuvi kwanza. Shemasi hutangulia na kupima chini kwa miguu, asikanyage shimo wala chupa, mpaka maji yafike kiunoni. Wanaobatizwa hufuata wameshikana mikono, kanzu nyeupe zimefungwa leso kwa nje zisielee. Mchungaji huweka kitambaa puani kwa mbatizwa, mkono mwingine mgongoni, na mtu akiwa mzito humlaza kwa msaada wa shemasi. Ikitokea kiwiko kimebaki juu, kuna washirika watakaosisitiza arudiwe. Nakuru ziwa halifai kabisa, maana maji ni ya magadi na liko ndani ya hifadhi ya wanyama. Huko kanisa huchimba birika na kuitandika turubai, au huomba birika la jirani mwenye jengo.

Tarehe ya tatu ni ya cheti. Sheria ya Vyama, Sura ya 108, huhesabu kundi la watu kumi au zaidi kuwa chama, na chama sharti kisajiliwe au kiondolewe sharti hilo. Kanisa huandaa katiba, orodha ya maofisa na kumbukumbu za mkutano uliowachagua, kisha hupeleka kwa Msajili wa Vyama, ofisi iliyo chini ya Mwanasheria Mkuu. Likishapata cheti hudaiwa ripoti ya kila mwaka. Katiba ya nchi ya 2010, ibara ya 32, inalinda uhuru wa kuabudu, lakini kufungua akaunti ya benki bila cheti ni kazi bure.

Njia ya mkato ambayo makanisa machanga mengi hutumia ni kukaa chini ya cheti cha kanisa mama au cha umoja. Inasaidia. Novemba 2014 Mwanasheria Mkuu aliposimamisha usajili wa makanisa mapya, waliokuwa chini ya mwavuli wa mtu hawakusumbuka sana. Na tangu mauaji ya Shakahola mwaka 2023, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga mpaka kufa, Rais alipounda jopo la kupitia sheria za mashirika ya dini, likiongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mchungaji wa Nairobi Baptist Church, mazungumzo yamekuwa juu ya kila kanisa kuwa na pa kuwajibikia. Kwa Mbaptisti hilo ni gumu kumeza. Anataka serikali ijue ana cheti, ila hataki umoja uwe bosi wake kwa sababu tu ya cheti hicho.

Ubaya wa mwavuli ni kwamba kisheria ploti, akaunti na jina ni vya mwenye cheti. Kanisa linadhani linajitegemea kwa sababu linapiga kura. Siku ya mzozo wanagundua kwamba kwenye karatasi wao hawapo.

Na mizozo mingi ni ya ardhi. Mzee mmoja ameokoka, anafurahi, anasimama kanisani kusema ametoa robo ekari kando ya barabara ya kwenda mtoni. Makofi, wimbo, maombi. Wiki inayofuata vijana wanafyeka, wanawake wanabeba mawe, mabati yananunuliwa kwa mchango. Hakuna aliyeandika chochote, kwa sababu kuandikishana na mzee kungeonekana kumshuku. Miaka sita baadaye mzee anafariki. Wanawe wanarudi kutoka Nairobi na Eldoret, wanafungua kesi ya urithi, na hati bado ina jina la babu yao. Kanisa limejengwa juu ya ardhi ya marehemu wawili.

Sheria inataka hatua ambazo mzee huyo angezimaliza akiwa hai. Kama ardhi ni ya kilimo, kuigawa na kuihamisha kunahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Bila idhini hiyo makubaliano hayana nguvu. Mke wake lazima akubali. Mpimaji akate kipande. Halafu swali linalofuata: kihamishiwe kwa nani? Chama kilichosajiliwa hakiwi mtu mbele ya sheria, kwa hiyo ardhi huandikwa kwa majina ya wadhamini, na wadhamini hao wanaweza kuandikishwa chini ya sheria ya wadhamini, Sura ya 164, wawe chombo kinachodumu hata mmoja akifa. Kanisa lisilofanya hivyo huandika majina ya watu watatu au wanne. Mmoja akifariki, mwingine akihamia kanisa jingine na wa tatu akikosana na mchungaji, hakuna anayeweza kutia sahihi ya kitu chochote.

Nitasema jambo ambalo huwa linaniudhi. Kwenye orodha ya washirika wanawake ni wengi kuliko wanaume. Wao ndio waliobeba mawe, ndio wanaopika kwenye kila mkutano, na michango midogo ya kila wiki ni yao. Lakini orodha ya wadhamini ukiisoma ni wanaume watupu, na baadhi yao hawajaonekana kanisani tangu Pasaka. Mama aliyefungua sebule yake hawekwi kwenye hati. Angewekwa, huenda kesi nyingi zisingefika kortini, maana yeye haondoki.

Fedha za miaka ya kwanza ni hesabu fupi. Sadaka ya watu thelathini hailipi mchungaji, kwa hiyo mchungaji ni mwalimu, au ana duka la dawa za mifugo, au anaendesha bodaboda siku za wiki. Mahali palipokuwa na mmisionari, mabati yalitoka nje na pengine posho ya mwezi. Msaada huo ulijenga makanisa mengi, na ni uchoyo kuusema vibaya. Lakini ulifundisha pia kwamba mwenye kanisa ni mwenye gari. Mmisionari alipomaliza kipindi chake na posho ikakatwa, kanisa lililozoea kutoa sarafu lilitakiwa ghafla kutoa fungu la kumi, na wachungaji kadhaa wazuri walirudi kulima.

Kifo cha kwanza nacho hupima kanisa kuliko mahubiri yoyote. Katika nchi ya Waluo na Waluhya mtu huzikwa nyumbani kwao. Mshirika wa Nyalenda akifariki, mwili unatoka mochari Ijumaa kwenda Ugenya au Butere, na kanisa lenye watu thelathini linatakiwa kupeleka mchungaji, waimbaji, mchango na watu wa kukesha. Kule ukoo ni wa kanisa jingine, na kasisi wao anauliza marehemu alikuwa wa nani. Kanisa la Baptisti likifika na basi moja limejaa, lenye nyimbo na barua ya kumtambulisha marehemu, mwaka huohuo litapata washirika wapya kutoka familia hiyo. Likituma watu wawili kwa matatu, mjane atawakumbuka hao wawili kwa shukrani lakini watoto wake hawatarudi.

Mwisho kuna kugawanyika, na sijui kanisa la Baptisti lililopita miaka kumi bila angalau tishio lake. Mahali ambapo kila jambo huamuliwa kwa kura, wanaoshindwa hawana askofu wa kumkatia rufaa. Wana mlango tu. Makanisa kadhaa mazuri ya hapa yalianza hivyo, ingawa historia zao zilizochapishwa huandika kwamba “Bwana aliwaongoza ndugu kuanzisha kazi mpya”. Ugomvi ukifika kortini, majaji hawapendi kuamua nani anahubiri kweli. Hutazama katiba, kumbukumbu za mikutano na orodha ya washirika: je, notisi ya mkutano ilitolewa, akidi ilitimia, waliopiga kura walikuwa washirika au mashabiki waliobebwa kwa basi? Lile daftari la shemasi, lenye doa la chai na sahihi za siku ya agano, linakuwa na uzito kuliko mabati yote.

Wakati huo wanaoondoka huondoka na spika, kinanda na nusu ya kwaya. Wanaobaki hushukuru kwamba yamekwisha na kurudi kwenye ibada. Mara nyingi husahau kumwandikia Msajili majina ya maofisa wapya, na kuambatisha kumbukumbu za mkutano uliowachagua. Wasipofanya hivyo, kwenye faili la serikali mwenyekiti wa kanisa lao bado ni yule aliyeondoka na spika.